Chujio la nje la tangi la samaki: namna ya kulifunga na kulitunza

Mara ya kwanza nilipofuga perege kwenye tangi la plastiki nyuma ya nyumba, niliwaua kwa usafi. Chujio lilikuwa limejaa tope, nikaona aibu. Nikatoa kila kilichokuwamo, nikasugua kwa sabuni ya unga, nikasuuza kwa maji ya bomba mpaka vitu vikang'aa. Siku ya tatu asubuhi samaki wote walikuwa juu ya maji wakitweta. Kufikia jioni nilikuwa nachimba shimo la kuwafukia. Maji yenyewe yalikuwa safi, unaona mpaka chini.

Tangu tuanze kuzungumzia ufugaji wa samaki kwenye kipindi cha kilimo, wasikilizaji wengi wamepiga simu kueleza mkasa unaofanana na huo. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, ili uweze kuyasoma kwenye simu yako ukiwa umesimama pale pale kwenye tangi.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: chujio la samaki si kama chujio la chai. Kazi yake kubwa si kushika takataka. Ndani yake wanaishi viumbe hai, na hao ndio wanaowaweka samaki wako hai. Ukiwaua hao, umewaua na samaki.

Chujio linafanya nini hasa

Samaki hutoa uchafu unaoitwa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo vikioza hutoa amonia. Kwenye bwawa kubwa la udongo, mwani na udongo wenyewe husaidia kuimaliza. Kwenye tangi hakuna msaada huo.

Tufanye hesabu ndogo. Kilo 1 ya chakula cha samaki chenye protini asilimia 30 huzalisha karibu gramu 30 za amonia. Ukiwalisha samaki gramu 100 kwa siku, unapata gramu 3 hivi. Kwenye tangi la lita 1,000, hizo ni miligramu 3 kwa kila lita, na kesho zinaongezeka nyingine. Siku chache tu zinatosha kuwaumiza samaki, hasa maji yakiwa ya moto na yenye uchachu mdogo, maana hapo amonia inakuwa na sumu kali zaidi.

Bakteria wanaokaa kwenye chujio hufanya kazi kwa zamu mbili. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mboga huipenda. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishika kwenye kuta, kwenye mawe, kwenye plastiki, kama utando mwembamba unaoteleza ukiugusa. Wanahitaji vitu vitatu: mahali pengi pa kujishika, maji yanayopita bila kukoma, na oksijeni.

Vifaa

Mfano wetu ni tangi la lita 1,000 lenye perege au sato wadogo 30 hadi 40. Utahitaji:

- Pipa la plastiki la lita 200 ambalo lilibeba chakula. Pipa lililobeba dawa za shamba au kemikali usilitumie hata ukilisafisha mara kumi.
- Pampu ya kuzama majini inayosukuma walau lita 1,000 kwa saa. Lengo ni maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara moja kila saa. Kumbuka pampu hupungua nguvu kadiri inavyopandisha maji juu, kwa hiyo chukua yenye uwezo zaidi kidogo.
- Bomba la inchi 2 la kutoa maji kwenye tangi, na bomba jembamba la kuyarudisha.
- Koki moja ya kufunga chini ya pipa.
- Vitu vya kukalia bakteria: vizibo vya plastiki vya chupa za maji na soda, vipande vya nyavu kuukuu za kuvulia, au mawe mepesi yenye matundu yanayopatikana sehemu zenye volkano. Dodoki usitumie, linaoza.
- Mifuko ya wavu ya vitunguu ya kutilia vitu hivyo.

Kulifunga

Weka pipa pembeni ya tangi, kwenye ardhi iliyosawazishwa. Maji ya tangi lazima yakae juu kuliko maji ya pipa ili yashuke yenyewe. Kama tangi ni fupi, liinue kwa matofali imara au lichimbie pipa shimo. Usibahatishe uimara wa matofali, kwani lita 1,000 za maji ni uzito wa tani 1.

Toboa tangi karibu na juu, pale unapotaka maji yaishie, upitishe bomba la inchi 2. Ndani ya tangi, funga kiungo cha T kwenye mwisho wa bomba hilo. Mdomo wa chini wa T uungwe na bomba linaloshuka mpaka karibu na sakafu ya tangi, ili livute uchafu ulioko chini. Likate mikato myembamba mwishoni, au ulifunge wavu, samaki wasiingie. Mdomo wa juu wa T uache wazi juu ya maji. Watu wengi huuziba wakidhani ni kosa la fundi. Ukiuziba, bomba linaweza kuanza kufyonza maji lenyewe, na umeme ukikatika tangi litahamia uani.

Nje ya tangi, bomba liingie kwenye pipa na kushuka mpaka chini kabisa. Kwenye sakafu ya pipa panga matofali machache, juu yake weka wavu mgumu. Nafasi iliyo chini ya wavu ndipo tope litakapotulia, na koki uifunge hapo. Juu ya wavu weka kwanza mifuko yenye vipande vya nyavu, ishike takataka. Kisha weka mifuko yenye vizibo, angalau miwili. Vizibo huelea, kwa hiyo vikandamize kwa wavu na mawe mawili matatu.

Maji yataingia chini, yatapanda polepole kupitia kwenye mifuko, na kufika juu yakiwa yamechujwa. Hapo juu ndipo pampu inakaa, ikiwa imezama, na inayarudisha kwenye tangi. Bomba la kurudisha liishie juu ya maji ya tangi, yaanguke kwa kishindo. Kishindo hicho huingiza oksijeni. Pia pampu ikizimika, bomba haliwezi kuvuta maji kurudi nyuma.

Wakati pampu inafanya kazi, acha shubiri moja wazi kutoka kwenye maji ya pipa mpaka ukingoni. Umeme ukikatika, maji kidogo yatashuka kutoka kwenye tangi na pipa lisiwe na nafasi yatamwagika. Kabla ya kuweka samaki, jaribu: washa pampu saa nzima, izime, angalia kama kuna kinachomwagika. Funika pipa na tangi, jua lisiote mwani.

Na kuhusu umeme wenyewe: soketi iwe juu na mbali na maji. Waya wa pampu uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke chini badala ya kufuata waya mpaka kwenye soketi. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa pampu. Usizime tu swichi.

Wiki 6 za mwanzo

Chujio jipya halina bakteria. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka wakatosha. Hapa ndipo wengi hupoteza samaki, kwa sababu wanaweka wote siku ya kwanza.

Jaza maji. Kama ni ya bomba yenye klorini, yaache wazi kwa saa 24 huku pampu ikiyazungusha. Kisha weka samaki 5 au 6 tu, uwalishe kidogo mara moja kwa siku. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiwa na jirani mwenye chujio zee na samaki wazima, mwombe mfuko mmoja wa vizibo vyake, uubebe ukiwa umelowa. Huo ni kama hamira, utafupisha safari. Kama samaki wake wanaumwa, usichukue, utabeba na ugonjwa.

Ukiona samaki wanatweta juu ya maji, au mashavu yao yamebadilika kuwa ya kahawia, acha kulisha na ubadilishe nusu ya maji. Rangi ya kahawia ni dalili ya nitriti. Chumvi ya kawaida, kilo 1 kwa lita 1,000, hupunguza nitriti kuingia kwenye damu ya samaki. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo.

Kazi za kila siku, wiki na mwezi

Kila siku: angalia maji yanavyorudi. Yakipungua nguvu, kuna kilichoziba. Tazama samaki wanavyokula, chakula kilichobaki baada ya dakika 15 kitoe. Joto hukausha maji na upungufu huonekana kwenye pipa, kwa hiyo ongeza maji kabla pampu haijabaki hewani.

Kila wiki: fungua koki ya chini mpaka tope liishe na maji yaanze kutoka safi. Toa mfuko wa juu ya tope, ule wenye nyavu, uusuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Hakuna sabuni, hakuna maji ya bomba. Badilisha moja ya tano ya maji ya tangi. Maji hayo machafu na lile tope mwagia mchicha au migomba, yana nitrati.

Kila mwezi: safisha pampu, maana nywele na mwani hujisokota ndani yake. Angalia mifuko ya vizibo. Kama imeziba kweli, isuuze kidogo kwenye maji ya tangi, mfuko mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao. Ule utando wa kahawia uache. Unateleza na hauvutii macho, lakini ndio ulionunuliwa kwa wiki 6 za subira.

Jambo moja husahaulika: bakteria hawa, katika kazi yao, huyafanya maji yachachuke polepole. Maji yakichachuka sana wanaacha kazi. Weka kwenye pipa mfuko mdogo wa maganda ya konokono au ya kombe yaliyosagwa, au chokaa ya kilimo. Huyeyuka kidogo kidogo kadiri uchachu unavyopanda. Chokaa ya kujengea usiitumie, inaunguza.

Na ukiwapa samaki dawa ya kuua bakteria, itaua na walio kwenye chujio. Mgonjwa mhamishie kwenye ndoo au beseni, atibiwe huko.

Umeme ukikatika

Swali hili tunaulizwa kuliko mengine. Maji yakisimama, bakteria hutumia oksijeni iliyobaki ndani ya pipa. Baada ya saa chache huanza kufa, na pipa huanza kunuka kama yai bovu.

Kwanza, acha kulisha. Samaki mwenye njaa siku moja hafi, ila chakula kisicholiwa huua. Pili, chota maji ya tangi kwa ndoo uyamwage kutoka juu, dakika chache kila mara, samaki wapate hewa. Tatu, ukiona umeme hautarudi mapema, fungua koki umwage maji ya pipa, ufunike mifuko ikiwa imelowa. Bakteria waliolowa huku wanapata hewa huvumilia kuliko walio kwenye maji yaliyosimama.

Umeme ukirudi baada ya muda mrefu na hukumwaga pipa, usikimbilie swichi. Mwaga kwanza maji yaliyolala humo, ujaze mapya yasiyo na klorini, ndipo uwashe. Ukiwasha pampu moja kwa moja, sumu yote iliyolala inaingia kwa samaki kwa mkupuo. Pampu ndogo ya sola yenye betri inakuondolea sehemu kubwa ya wasiwasi huu.

Wenye matangi ya kioo

Kama una samaki wa mapambo nyumbani au kwenye nyumba ya wageni, na chujio lako ni lile la kopo linalokaa chini ya meza, mambo ni yale yale. Sponji na vipande vya kauri vilivyomo ndani ndivyo vizibo vyetu. Visuuze kwa maji ya tangi, si vyote kwa siku moja. Kwa kuwa kopo limefungwa na hewa haiingii, oksijeni huisha upesi zaidi umeme ukikatika, kwa hiyo limwage kabla ya kuliwasha. Ile pete ya mpira ya mfuniko ipake mafuta ya silikoni, isikauke na kuvujisha maji sakafuni.

Kwa ushauri wa vifaranga na chakula, muone afisa uvuvi wa halmashauri yako. Na siku utakayoliona chujio lako ni chafu ukashawishika kuchukua sabuni, funga kwanza koki ya bomba, uchote ndoo moja ya maji kutoka kwenye tangi. Hiyo inatosha.