Mapigo

Pigo moja ni msiba. Mapigo, ukiacha yale ya Misri, ni uhai. Bomet, ambako Hospitali ya Tenwek hufanya upasuaji wa moyo, neno hili hutajwa kila siku, lakini mapigo huhesabiwa tu. Mpangilio wake ni mdundo. Katika ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo, mapigo yanaweza kuwa 70 kwa dakika, mdundo ukavurugika usiku pekee. Mchumaji wa majani chai mwenye ugonjwa huo akivishwa kifaa cha Holter, kinachorekodi moyo, kwa saa 24, nyaya chini ya aproni, kinachowindwa ni mdundo huo uliovurugika, maana ndio huleta kifo cha ghafla. Mtoto wake, uwezekano wa kurithi ukiwa asilimia 50, hupimwa hata akiwa buheri wa afya.