Jinsi tovuti zilivyojifunza kumkumbuka mgeni

Tim Berners-Lee alipobuni wavuti akiwa CERN, Geneva, kuanzia 1989, aliwafikiria watafiti waliotaka kusomeana nyaraka. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, habari imekwisha. Ombi linalofuata, hata likitoka kwenye kompyuta ileile sekunde moja baadaye, seva inalipokea kama la mgeni asiyewahi kuonekana. Kwa msomaji wa ripoti za fizikia hilo halikuwa tatizo. Kwa mwenye duka lilikuwa balaa.

Mwenye duka alibisha hodi 1994. MCI, kampuni ya simu ya Marekani, ilitaka mauzo ya mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe kumbukumbu za kila mteja aliyejaza kapu nusu akaondoka. Ikaomba msaada kwa Netscape, kampuni ya kivinjari. Mhandisi Lou Montulli akapata jibu Juni mwaka huo: mzigo aubebe mteja. Seva itume kipande kifupi cha maandishi, kiitwacho kuki, kivinjari kikitunze na kukirudisha kila kinaporejea kwenye seva hiyo. Yeye na John Giannandrea wakaandika maelezo ya kiufundi, na kivinjari cha Netscape kilichotoka Oktoba kikaja na kuki ndani yake. Kazi ya kwanza ya kuki ilikuwa ndogo mno: kujua kama aliyefungua tovuti ya Netscape alishawahi kufika hapo.

Dosari ilikuwa wazi. Kilichomo kwenye kompyuta ya mteja, mteja anaweza kukibadilisha. Tovuti iliyoandika bei au cheo cha mtumiaji ndani ya kuki ilimwachia ajipangie mwenyewe. Ndipo sesheni ikashika kasi: taarifa zibaki kwenye seva, kivinjari kipewe namba ndefu ya nasibu tu. Microsoft iliiweka kwenye ASP, mfumo wake wa kuundia tovuti, mwaka 1996, na lugha ya PHP ikaja nayo katika toleo la 4, Mei 2000. Kwenye seva nyingi za PHP ungeweza kuiona kwa macho: faili ndani ya folda ya muda, jina lake likianza na sess_ kisha ile namba, na ndani yake mstari kama jina|s:4:"Asha", yaani Asha ameshaingia, na jina lake lina herufi nne. Faili lisipoguswa kwa sekunde 1,440, dakika 24, PHP kwa kawaida yake inalihesabu kuwa taka.

Namba hiyo ni kama kibao unachopewa ukiacha mkoba mlangoni mwa supamaketi: anayekileta ndiye anayekabidhiwa mkoba. Mtaalamu wa usalama Mitja Kolšek alionyesha mwaka 2002 jinsi mhalifu anavyoweza kumpachika mtu namba aliyoiandaa yeye mwenyewe, kisha akamsubiri aingie. Walioshtuka walikuwa wachache. Oktoba 2010, kwenye mkutano wa San Diego, Eric Butler akatoa Firesheep, programu-jalizi ya Firefox. Wakati huo tovuti nyingi zilisimba ukurasa wa kuandikia nywila tu. Baada ya hapo namba ya sesheni ilisafiri wazi hewani. Ukikaa mgahawani penye Wi-Fi isiyo na nywila, Firesheep ilikuorodheshea majina na picha za watu. Ukibofya moja, uko ndani ya akaunti yake. Butler alilaumiwa sana. Kwa maoni yangu lawama ziliwastahili zaidi wenye tovuti, kwani dawa walikuwa nayo miaka mingi. Facebook ilifungua hiari ya kusimba kila ukurasa Januari 2011, na ikaifanya kuwa kawaida kwa wote 2013.

Huku nyuma mzigo ulikuwa umeanza kurudi kwa mteja. Tovuti ikiwa na seva kumi, faili lililoko kwenye moja halizisaidii nyingine. Rails 2.0, mfumo wa kuundia tovuti, Desemba 2007 ikarudisha taarifa kwenye kuki kama ilivyotaka MCI, safari hii zikiwa na sahihi inayofichua mabadiliko yoyote. Tokeni za JWT, vipande vya maandishi vyenye taarifa na sahihi, zilizopata kiwango rasmi 2015, zinafuata njia hiyohiyo. Ugumu wake ni kuifuta tokeni iliyokwisha kutolewa, maana seva isiyotunza orodha ya tokeni haina pa kuifutia.

Iwe namba au tokeni, anayeishika ndiye anayefunguliwa. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba tokeni za akaunti zipatazo milioni 50 zimeibwa, idadi iliyopunguzwa baadaye kuwa milioni 30. Ikazibatilisha tokeni za akaunti kama milioni 90, na watu wakajikuta wanaombwa kuingia upya. Kampuni ikawaambia hawana haja ya kubadilisha nywila, wezi hawakuzihitaji.