Twinge: neno lililotokana na kufinya

Katika Kiingereza, twinge ni maumivu makali yanayokuja ghafla na kupita upesi, kama ya jino au goti. Asili yake ni twengan, kitenzi cha Kiingereza cha Kale chenye maana ya kufinya. Kwanza lilitaja tendo la kufinya, baadaye likahamia kwenye maumivu yenyewe, kisha likaingia hata katika dhamiri inayomsuta mtu.

Kiswahili nacho kina kichomi, kutokana na kuchoma. Hata hivyo, maneno haya mawili hayalingani. Twinge hupita; kichomi cha ubavuni huweza kuwa dalili ya nimonia. Mgonjwa anayemweleza daktari kwa Kiingereza asikitafsiri hivyo, maana ugonjwa mzito utaonekana mwepesi.