Sehemu Tatu za Mama

Nilifundisha Baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Kila mwaka tulipofika kwenye mada ya urithi nilichora ubaoni njegere za Gregor Mendel, yule mtawa aliyechapisha matokeo ya majaribio yake mwaka 1866. Niliwaambia wanafunzi kwamba mtoto hupata nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na kwamba katika kila jozi ya jeni za mzazi, zote mbili zina nafasi sawa ya kurithiwa, kama pande mbili za shilingi iliyorushwa juu. Sikuwadanganya, kwani mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mimi ni mzaliwa wa Kamachumu, wilayani Muleba, nimekulia katikati ya migomba. Sasa ninapozeeka hapa Bukoba natambua kwamba mmea ulionilea haukugawa urithi wake kwa mizani hiyo. Wala ukoo wangu haukugawa hivyo.

Baba yangu alifariki mwaka 1984. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa wakagawa mali. Kaka yangu mkubwa alipewa nyumba na kibanja kinachoizunguka. Mdogo wetu wa kiume akapata kipande cha upande wa chini. Mimi sikupewa ardhi. Hakuna aliyekusudia kunionea. Ndivyo mila ilivyokuwa, na sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilikuwa zimeiandika waziwazi: mtoto wa kiume wa kwanza ni mrithi wa daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Miaka sita baadaye, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi iliyotoka wilayani kwetu Muleba. Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kupinga mauzo hayo kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kwangu mimi hukumu hiyo ilikuja kwa kuchelewa, lakini niliisoma kwa furaha.

Siku ile ya mgawo mama alinivuta pembeni akanipeleka shambani. Akachimba machipukizi, moja la Nshakala, moja la Enyoya, moja la Entobe, moja la Nchoncho, akanifungia kwa majani makavu. Hakuna mzee aliyeyahesabu kuwa urithi. Nami sikuyahesabu. Niliyapanda nyuma ya nyumba yangu Bukoba kwa sababu tu ni mama aliyenipa.

Tuuangalie sasa mgomba wenyewe. Ndizi zetu za kupika zina seti tatu za kromosomu, kila seti kumi na moja, jumla 33. Mmea unapotaka kutengeneza yai au chavua hupaswa kupanga kromosomu zake mbili mbili ili zigawanywe sawa. Seti zikiwa tatu, mgawo unaharibika, kama watu watatu walioambiwa wapange wawili wawili: mmoja hubaki bila mwenzake. Ndiyo maana ndizi zetu hazina mbegu, na ndiyo maana tunazila kwa raha. Kila mgomba wa Nshakala hutoka katika chipukizi la mgomba mwingine wa Nshakala, na huo vilevile, tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu.

Raha hiyo ina gharama. Mmea usiozaa mbegu haupati damu mpya, na adui akimshinda mmoja amewashinda wote wa aina hiyo. Katika miaka ya sabini na themanini fukusi na minyoo ya mizizi, pamoja na uchovu wa udongo, vilidhoofisha vibanja vingi vya Kagera. Ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi nao ukaongeza balaa. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa maendeleo ya jamii Kagera ulileta migomba chotara kutoka Honduras, kama FHIA-17 na FHIA-23. Kaka yangu aliipanda. Mikungu ilikuwa mikubwa ajabu, lakini mkewe alipoipika, wazee walionja, wakanyamaza kwa adabu.

Kumbe chotara hao nao walikuwa wa mama. Mzazi wao wa kike ni Highgate, ndizi ya Jamaica yenye seti tatu kama zetu. Mara chache sana mmea wa namna hiyo hutoa yai ambalo halikugawanyika kabisa, likabeba kromosomu zote 33. Chavua ya baba ikileta 11, mtoto anakuwa na 44. Hesabu mwenyewe, msomaji: mama ametoa sehemu tatu, baba sehemu moja. Ladha ya FHIA haikutufaa kwa sababu mama yao hakuwa wa kwetu.

Wataalamu wa Uganda, wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, walifuata njia hiyohiyo kwa mama wa nyanda zetu. Walitafuta aina chache za ndizi za kupika zinazoweza kutoa mbegu moja moja, kama Enzirabahima, Nakawere na Kabucuragye, wakazipandishia chavua ya Calcutta 4, mgomba mwitu wa Asia unaostahimili sigatoka. Watoto wenye seti nne wakavushwa tena na baba mwingine aliyeboreshwa, ili wajukuu warudi kwenye seti tatu na kukosa mbegu. Wajukuu hao waliitwa NARITA. Walijaribiwa pia katika kituo cha Maruku, karibu na mji wetu wa Bukoba, na mwaka 2021 Tanzania ikaidhinisha aina nne, TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4.

Ugumu wa kazi hiyo hauishii kwenye uhaba wa mbegu. Hata mbegu ikipatikana, jeni hazirithiwi kwa haki niliyoichora ubaoni. Mpunga ndio uliotufumbua macho. Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza kwamba katika chotara wa mpunga wa Asia na mpunga mwitu kuna jeni mbili jirani: moja hutengeneza sumu inayoua chavua, nyingine hutengeneza dawa ya sumu hiyo. Chavua iliyorithi jozi hiyo inapona, isiyoirithi inakufa. Basi jozi hiyo hujipatia zaidi ya nusu ya uzao. Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka yule ndugu anayejipa fungu kubwa kabla wenzake hawajaketi.

Katika migomba jambo la kufanana na hilo huonekana kwa njia nyingine. Mgomba mwitu wa Malaysia uitwao Pahang, ambao ndugu yake wa maabara alisomwa jeni zake zote mwaka 2012, una vipande vya kromosomu ya kwanza na ya nne vilivyobadilishana mahali zamani. Katika uzao wake, baadhi ya vipande hivyo hurithiwa zaidi ya haki yake. Jeni zilizo katika kipande kimoja husafiri pamoja kama abiria wa basi moja. Mtaalamu anayetaka kinga tu anaweza kupewa pia tabia asiyoitaka, na humbidi akuze miche mingi sana ili ampate yule mmoja aliyerithi kinga bila kupoteza utamu.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia Muleba. Ugonjwa huo haukuchagua, za kienyeji wala chotara. Hausambai kwa wadudu peke yao bali hata kwa panga letu wenyewe. Miaka michache baadaye ulifika kwa kaka. Aling'oa, akachoma, akasubiri, akashika kilimo cha mihogo na maharage. Kisha siku moja alikuja Bukoba, akakaa kimya muda mrefu, akaniuliza:

"Dada, ile migomba ya mama bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Tulipitisha panga kwenye moto kabla ya kukata, tukachimba moja la Nshakala, moja la Enyoya, moja la Entobe, moja la Nchoncho. Alipofika kwake aliyapanda kando ya mstari wa FHIA alioupanda upya, kwa sababu FHIA hutoa pombe nyingi na yeye si mjinga.

Sipingi chotara. TARIBAN nitaipanda nikiipata. Ila nawaomba wanaosema kwamba migomba ya zamani ni mzigo wakumbuke hesabu ile. Chotara wa kesho atahitaji mama, na mama huyo hapatikani maabara. Yuko nyuma ya nyumba ya mwanamke fulani, ambaye pengine hakurithi hata hatua moja ya kibanja.

Mama alifariki akiwa hajui neno kromosomu. Lakini siku ile ya mgawo alitoa fungu lake, na kati ya yote yaliyogawanywa kwetu, ndilo lililobaki hai.