Teknolojia ya Nano: Historia ya Vitu Visivyoonekana na Funzo Lake Kwetu

Milimita moja ikigawanywa katika sehemu milioni moja, kila sehemu huitwa nanomita. Katika kiwango hicho maada hubadili tabia. Dhahabu, ambayo sote twaijua kwa umanjano wake, huonekana nyekundu. Na kaboni, ile ile iliyomo katika mkaa na penseli, huweza kuwa imara kuliko chuma cha pua. Wengi hudhani kuwa elimu hii ni ya jana. Mimi naiona kuwa na historia ndefu, yenye funzo la kisiasa ambalo Afrika Mashariki haina budi kulitafakari.

Mafundi waliwatangulia wanasayansi. Katika karne ya 4, mafundi wa Dola ya Rumi walitengeneza kikombe cha kioo ambacho leo kimehifadhiwa British Museum, London. Mwanga ukikimulika kwa nje huwa cha kijani. Ukipenya kutoka ndani huwa chekundu. Siri yake ni chembe ndogo mno za dhahabu na fedha zilizomo ndani ya kioo. Mafundi wale waliyajua matokeo bila ya kuijua sababu.

Tarehe 29 Desemba 1959, mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alitoa mhadhara akihoji kwa nini binadamu asiweze kujenga vitu kwa kupanga atomu moja moja. Vitabu vingi huanzia hapo. Nadhani heshima hiyo imepita kiasi, kwani mhadhara ule ulikaa miaka mingi bila kutajwa sana, na jina lenyewe la teknolojia hii lilibuniwa mwaka 1974 na Mjapani Norio Taniguchi. Kilichofungua mlango hasa ni chombo. Mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM huko Uswisi, waliunda hadubini yenye ncha kali inayopita juu ya kitu, mithili ya kidole cha kipofu, hata atomu zikaonekana. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1989, Don Eigler alisogeza atomu 35 za xenoni, akaandika nazo herufi tatu: IBM. Tazama basi: maandishi mashuhuri ya kwanza ya atomu yalikuwa jina la kampuni.

Baada ya kampuni ikaja dola. Januari 2000, Rais Bill Clinton alitangaza mpango wa taifa wa utafiti wa nano, na mataifa mengine yakafuata. Matunda yake tunayo mikononi: vijenzi vya simu, rangi za skrini za televisheni, na chanjo za UVIKO-19 ambazo ujumbe wake wa kijenetiki ulifungwa ndani ya chembe za mafuta za kiwango cha nano. Chanjo hizo zilipopatikana, mataifa tajiri yalitangulia kuzinunua, nasi tukasubiri.

Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwaka 2008, utafiti uliofanyiwa panya ulionyesha kwamba nyuzi ndefu za kaboni za kiwango cha nano zaweza kuleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Asbesto twaifahamu: ilisifiwa kuwa ajabu ya viwanda, ikaezekwa juu ya vichwa vyetu, na hatari yake ikatiliwa maanani baadaye. Sioni sababu ya kuurudia mwendo huo kwa vipodozi, nguo na vyakula vyenye chembe za nano.

Wala sisemi tuikimbie elimu hii. Kaskazini mwa Tanzania, maji ya sehemu nyingi yana floraidi iliyozidi. Huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikikithiri hupinda mifupa. Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mkoani Arusha, aliunganisha mchanga na vitu vya nano akatengeneza chujio la maji. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya uvumbuzi wa Afrika ya Royal Academy of Engineering. Swali lilikuwa letu, na mtafiti ni wetu. Tuzo ilitoka Uingereza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Historia hii inaonyesha kwamba anayegharimia utafiti ndiye anayechagua maswali yatakayojibiwa. Kampuni iliandika jina lake. Dola kubwa zilitafuta nguvu ya viwanda. Hakuna kati yao aliyekuwa na wajibu wa kuanza na meno ya mtoto wa Arusha. Wajibu huo ni wa mabunge yetu: kutenga fedha za kudumu kwa maabara zinazoshughulikia maji, magonjwa na kilimo chetu, na kutunga sheria inayomlazimu kila mwagizaji wa bidhaa zenye chembe za nano kuzitaja waziwazi kwenye lebo. Bajeti zijazo zisomwe kwa kipimo hicho.