Mwendokasi kuishia Tegeta, Bunju yabaki na daladala

SAA 11:00 alfajiri, vituo vya daladala vya Bunju huwa vimekwisha kujaa watu. Baadhi yao hawasimami upande wa kuelekea mjini. Huvuka barabara, wakapanda gari linalokwenda mwisho wa safari na kulipa nauli mara mbili, ili litakapogeuka wawe wameketi. Katika kata hii ya Manispaa ya Kinondoni, iliyo takriban kilomita 30 kutoka Posta, kiti ni bidhaa inayonunuliwa.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Usafiri wa Dar es Salaam uliendeshwa na kampuni moja, DMT, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 iligawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likabaki na jiji. Upungufu wa fedha za kigeni na vipuri uliyaua mabasi ya UDA moja baada ya jingine, huku watu wakizidi kuhamia mjini. Pengo hilo lilizibwa na magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi, abiria wakitazamana kama walio katika mgahawa. Wananchi waliyabatiza jina la "chai maharage". Yalikuwa haramu, lakini yalifika.

Mwaka 1983 Serikali ilisalimu amri na kuruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa Sh5, sarafu ambayo watu waliiita "dala", na wapiga debe wakalitangaza neno hilo hadi likawa jina la gari lenyewe.

Daladala hulaumiwa kwa mengi, na mengi ni ya kweli. Hata hivyo, lawama nyingi humwendea dereva, ilhali kiini kiko katika "hesabu". Mmiliki humkabidhi dereva gari na kumtaka alete kiasi maalumu cha fedha kila jioni. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho ujira wa dereva na kondakta wake. Hapo ndipo abiria wa Bunju anapoumia. Jioni, dereva aliyetoka Mwenge anajua kwamba akifika Bunju atarudi na gari tupu. Akikatisha safari Tegeta, atawahi kurudi kupakia tena. Abiria wa Bunju hushushwa, akatafuta gari jingine na kulipa upya. Mwanafunzi, ambaye nauli yake iliyopangwa ni Sh200, huonekana mzigo kwa mtu anayepigania hesabu. Faini za askari hazijaliondoa tatizo hilo, kwa sababu haziigusi hesabu.

Mabasi Yaendayo Haraka, maarufu kwa jina la mwendokasi, yalibuniwa kuvunja utaratibu huo. Wakala wa kuyasimamia, DART, uliundwa mwaka 2007, na huduma ikaanza Mei 2016 katika njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Abiria hulipa kabla ya kupanda, na basi hupita katika njia yake pekee. Safari iliyokuwa ikichukua saa mbili au zaidi wakati wa msongamano ilipungua hadi chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji lilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Sifa hizo hazikudumu. Mpango ulihitaji mabasi 305, lakini huduma ilianza na 140, na mengine 70 yalikaa bandarini kwa muda mrefu kutokana na mgogoro wa kodi. Daladala zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika Barabara ya Morogoro, hivyo basi la mwendokasi lilipokosekana abiria hakuwa na pa kukimbilia. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 hasira za abiria zililipuka na mabasi yakapigwa mawe. Serikali ililazimika kuhamishia Kimara mabasi yaliyoandaliwa kwa ajili ya njia ya Mbagala.

Kwa Bunju, linalohusika ni awamu ya nne, inayogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Njia yake, yenye urefu wa takriban kilomita 30 pamoja na tawi la Mwenge hadi Ubungo, inatoka katikati ya jiji kupitia Mwenge na kuishia Tegeta. Upanuzi wa Barabara ya Bagamoyo kuanzia Mwenge, uliofanywa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwaka 2014, nao ulikomea Tegeta. Boko, Bunju na Mabwepande ziko mbele ya hapo.

Mabwepande ina kisa chake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia huko wakazi wa Bonde la Msimbazi, wakiwamo wa Jangwani. Wapo waliorudi mjini, kwa kuwa vibarua na biashara zao zilibaki kule na nauli ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao. Ajabu ni kwamba karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani hapohapo, na mafuriko yakaifuata mara kwa mara.

Kwa mujibu wa mfumo wa DART, wakazi walio nje ya njia kuu huhudumiwa na mabasi mlishi, yaani yanayokusanya abiria pembezoni na kuwafikisha kwenye kituo kikuu. Katika awamu ya kwanza mabasi hayo na yale ya njia kuu yalitegemea mwendeshaji mmoja, na mabasi yalipopungua, uhaba uliwafikia wote. Kwa Bunju, njia mlishi inaweza kupewa daladala zilizopo sasa, wamiliki wakilipwa kwa kilomita waliyotembea na si kwa idadi ya vichwa. Malipo ya namna hiyo yangemwondolea dereva sababu ya kugeuzia Tegeta. Bila hivyo, abiria atashuka kwenye basi la kisasa Tegeta saa 2:00 usiku na kuanza kugombea daladala ya kumfikisha Bunju.