Tuliozaliwa Januari Mosi

Ndugu msikilizaji, cheti changu kinasema nilizaliwa Kerenge, wilaya ya Korogwe, tarehe 1 Januari 1979. Darasa la kwanza nilikuwa na wenzangu wengi wa tarehe hiyo hiyo. Mgeni ambaye angefungua rejista yetu angedhani akina mama wa bonde lile walikubaliana kujifungua sikukuu ya mwaka mpya. La hasha. Wazazi walitaja mvua, karani alitaka tarehe, na tarehe iliyo karibu zaidi na kalamu ni ya kwanza.

Hata hivyo, ukishapewa siku ni yako, nami nimejitahidi kuwajua ninaoshirikiana nao. Siku hiyo mwaka 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru wa Haiti, baada ya waliokuwa watumwa kulishinda jeshi la Napoleon. Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia saini tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Sudan ilijitawala 1 Januari 1956, Kameruni mwaka 1960. Kwa siku ya kubambikiwa, si haba.

Lakini siku hiyo ina jambo letu sisi watu wa Tanga, nalo si la kupigiwa vigelegele. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala wa nchi hii kutoka kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilikuwa imeshindwa kutawala. Watu wa Pangani waliinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim, hata Berlin ikalazimika kuleta askari, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kampuni iliachiwa biashara na mashamba. Mwaka 1893 mtaalamu wake, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote unayoyaona ukisafiri kutoka Muheza hadi Mombo, na makambi ya manamba waliotoka mbali kuja kuyakata.

Na yupo mzaliwa mwenzetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, 1 Januari 1909. Tunamwita mshairi, tunasahau kwamba tangu mwaka 1926 alikula mshahara wa ukarani wa forodha. Najiuliza ni tarehe ngapi za watu zilizopita chini ya kalamu yake.

Sasa msikilizaji utasema, tarehe ni tarehe, ina ubaya gani? Muulize mjomba wangu. Alikata mkonge tangu ujana wake. Kadi yake moja iliandikwa 1 Januari, nyingine 1 Julai, kila karani na mwaka wake. Alipokwenda kudai mafao yake ya uzeeni, aliambiwa karatasi zile ni za watu wawili. Miezi 14 alihangaika kutoka ofisi hii hadi ile, nauli akikopa, akithibitisha kwamba yeye ni mmoja. Mkonge aliukata kwa mikono miwili ile ile, lakini mikono haikuombwa ushahidi.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Waingereza waliitunga mwaka 1920. Kwa miongo mingi Mwafrika wa kijijini hakuguswa nayo. Serikali ilijua kuhesabu vichwa vya kulipa kodi, siku ya kichwa kuzaliwa haikuwa na haja nayo. Mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano, katika kata na vituo vya afya vilivyo karibu na wazazi, ulianza mwaka 2013 mkoani Mbeya. Hesabu mwenyewe, ni miaka 93.

Ajabu ni kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa kubahatisha. Mama hakujua tarehe, lakini alijua kwamba ilikuwa vuli, mahindi yamekwisha kuota, na kwamba jioni moja watu walijazana kwa jirani mwenye redio kumsikiliza Mwalimu akitangaza kwamba tutapigana na Idi Amin. Kesho kutwa yake mimi nikazaliwa. Basi hotuba ile ilitolewa Alhamisi, 2 Novemba 1978. Mama, ambaye hakuwahi kumiliki kalenda, amenipa Jumamosi, 4 Novemba.

Nilipoitafuta siku hiyo nilikuta kwamba mwaka 1922, tarehe kama hiyo, wachimbaji wa Howard Carter waligundua ngazi ya kaburi la Farao Tutankhamun huko Misri, na mwaka 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kenya. Nimemsomea mama habari hizo. Wa Misri hakumjali. Wa Kenya alimuuliza jambo moja tu: naye tarehe yake aliandikiwa na nani?